Landrova 109 na Kruza Mkonga: gari mbili zilizobeba mama zetu

SEHEMU YA 1



Juzi nikitoka zamu nilikaa kijiweni hapa Buswelu kusubiri usafiri. Pembeni yangu kulikuwa na vijana wawili wa bodaboda na mzee mmoja fundi wa gereji, wanabishana mpaka mishipa ya shingo imesimama. Gari ya kweli ni ipi, Landrova 109 ya zamani au Kruza hadtopu, ile yenye mkonga? Mzee anasema Landrova bodi yake haili kutu. Vijana wanasema injini ya Kruza haifi. Cc ngapi, farasi wangapi, tangi lita ngapi. Nikakaa kimya nasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule anayelazwa kule nyuma anajisikiaje.

Swali hilo lina haki ya kuniuma mimi, maana nimezaliwa humo. Sio utani. Mwaka 1983 mama yangu alitolewa Ngudu kuletwa Mwanza, uchungu umeingia siku ya pili. Gari la wagonjwa lililokuwa zima siku ile halikuwepo. Ikapatikana Landrova ya watu wa pamba iliyokuwa inakuja mjini na magunia ya mbegu. Mama akalazwa juu ya magunia, bibi akakaa kichwani kwake, mkunga wa jadi akakaa miguuni. Bugando hawakufika. Mimi nilitoka kati ya Hungumalwa na Mabuki, gari imesimama kando ya barabara, dereva ameshuka ameangalia porini kwa heshima. Tangu siku hiyo bibi aliniita Rova, na kijijini mpaka leo ukiuliza jina langu la cheti utapotea.

Basi kwa siku hizi chache nitaandika historia ya hizi gari mbili. Cc na farasi nitaziweka, msiwe na wasiwasi. Ila nitazisoma nikiwa nimekaa nyuma, karibu na machela, sehemu ambayo wabishi wa kijiweni hawajawahi kukaa.

SEHEMU YA 2

Tuanze na mkubwa wao.

Landrova ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Waliotengeneza ni kampuni ya Rover ya Uingereza. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, chuma kinagawiwa kwa kibali, lakini aluminiamu ilikuwepo. Ndiyo sababu bodi ya Landrova ni ya aluminiamu, huku chesisi ikiwa chuma. Kwa hiyo yule mzee wa gereji alikuwa sahihi kwa nusu: bodi hailiwi na kutu kama bati, ila chesisi yake inaliwa vizuri tu.

Na walimtengenezea nani? Mkulima. Wazo lilikuwa gari inayoweza kulima, kuvuta trela, kuzungusha mashine ya shambani, halafu Jumapili ikampeleka mwenyewe kanisani. Hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Ile namba 109 ni umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa inchi. Kwa mita ni 2.77 hivi. Urefu huo ulianza kuuzwa 1956, na toleo ambalo wengi wetu tuliliona utotoni, lenye taa zimehamia kwenye mabega ya mbele na shoo ya plastiki, ni la kuanzia 1971 mpaka 1985. Injini iliyokuwa maarufu ni ya silinda nne, cc 2286. Ya petroli ilitoa nguvu za farasi sabini na kitu, ya dizeli sitini na kitu. Kumbuka hapo gari imebeba dereva, mgonjwa, ndugu wanne, mabeseni na kuku wa shukrani. Kilomita 100 kwa saa ilikuwa ndoto ya mteremkoni. Kwenye vumbi, usiku, dereva akifika 30 au 40 alikuwa anashukuru Mungu.

Stelingi ilikuwa ya nguvu za mikono. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, na zikilowa kwenye mto unazikanyaga huku unaomba. Matoleo ya kabla ya 1971, gia namba moja na mbili zilitaka ukanyage klachi mara mbili, ukikosea zinalia kama mbuzi. Tangi la kawaida lilikuwa chini ya kiti cha mbele, galoni 10, yaani lita 45 hivi.

Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo nalipenda mpaka leo. Betri ikifa, unachukua hendeli, unaichomeka mbele, unazungusha. Mama anasema dereva wake siku ile alizungusha mara tatu jasho linamtoka ndipo ikaitika. Sasa fikiria nchi ya miaka ile. Bei ya mafuta duniani ilipanda 1973, ikapanda tena 1979. Hapo katikati tukaingia vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, magari mengi yakaenda mstari wa mbele. Fedha za kigeni zikaisha. Spea hakuna, tairi hakuna, betri ni mali ya kuficha chini ya kitanda, na gari binafsi zilizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kubana mafuta. Katika hali hiyo, gari ambayo fundi wa kijijini anaifungua kwa spana nne na inawaka bila betri, ina thamani kuliko yenye farasi mia.

Na bado nyingi zilikaa juu ya mawe. Unajenga hospitali kubwa kama Bugando, Mwalimu akaja kuifungua 1971, unajenga zahanati vijijini baada ya Azimio la Arusha, halafu kamba inayounganisha zahanati na hospitali ni Landrova moja inayosubiri klachi kutoka Uingereza. Wazazi wetu walizaa humo katikati.

SEHEMU YA 3

Leo Kruza. Hii fupi, kwa sababu mnaijua, inapita hapa barabarani kila siku.

Toyota walianza 1951 na gari waliyoiita Jeep, wakaipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita ili kuwaonyesha polisi wa Japani kwamba inaweza. Lakini jina la Jeep lilikuwa la Wamarekani, wakalazimika kubadilisha. Mwaka 1954 mhandisi wao Hanji Umehara akachagua jina Land Cruiser, na alikiri kwamba alitaka jina lisilopungua heshima mbele ya Land Rover. Kwa hiyo mabishano ya kijiweni Buswelu yana miaka sabini, hayakuanza juzi.

Familia ya hadtopu tunayoizungumzia, wanaiita ya 70, ilitoka Novemba 1984. Mwaka 1990 ikapewa injini ile inayowafanya vijana waape: dizeli, silinda sita, cc 4164, haina turbo, haina kompyuta. Nguvu za farasi kama 130. Weka pembeni ya zile sabini za Landrova utaona tofauti. Mwaka 1999 ikaja ile ndefu iliyojaa kwenye vituo vya afya na mashirika, umbali wa magurudumu mita 2.98, stelingi laini, breki za mbele za diski, na nyingi zina matangi mawili ya lita 90. Ukijaza yote unaenda mikoa mitatu.

Na mkonga? Nimekuta mama anamwambia mtoto wake kuwa ni bomba la moshi. Hapana, ni pua. Injini inavuta hewa kule juu karibu na paa ili isinywe maji mtoni wala vumbi la gari ya mbele.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye karatasi za sifa: spea zake unazipata Mwanza mjini leo hii, sio baada ya miezi mitatu. Kwangu mimi hiyo inazidi farasi wote.

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo nilipokuwa napataka. Akina mama sogeeni.

Nilifanya kazi miaka kadhaa upande wa pili wa ziwa, wilayani Sengerema, na kusindikiza wagonjwa ilikuwa sehemu ya zamu. Nimekaa nyuma ya mkonga mara ambazo sikuhesabu. Ubao wa pembeni, miguu imebana machela isiteleze, mkono mmoja umeshika chupa ya dripu, mwingine uko kwenye tumbo la mama napima kama limekaza. Usiku mmoja dripu ilichomoka kwenye shimo. Mama alikuwa anatoka damu. Nikapiga ngumi kioo cha dereva, tukasimama, nikatafuta mshipa mwingine kwa tochi ya simu. Nilipata mara ya tatu. Alipona, lakini safari ile ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza mafundi kuhusu springi.

Nilichojifunza ni hiki. Landrova 109 ina springi za vyuma bapa, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati, kwenye magurudumu yote manne. Mbele vyuma, nyuma vyuma. Ukipita kwenye shimo dereva anarushwa, mgonjwa anarushwa. Angalau walikuwa wanarushwa pamoja.

Kruza za mwanzo za ile familia ya 70 nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1999 Toyota wakaona gari inachosha, wakaweka springi za koili mbele, zile za kuzunguka kama waya wa godoro. Laini. Nyuma wakaacha vyuma bapa.

Soma tena taratibu. Mbele anakaa nani? Nyuma analala nani?

Sio kwamba walikuwa na roho mbaya. Vyuma bapa vinabeba mzigo mzito bila kulalamika, na gari hii iliundwa kwa watu wenye mizigo: migodi, jeshi, wafugaji wa Australia. Nyuma ni sehemu ya mzigo. Kumbuka nilichosema kuhusu mkulima wa Uingereza. Gari zote mbili tunazoziita za wagonjwa hazikuzaliwa za wagonjwa. Moja ilizaliwa ya shamba, nyingine ya kazi ngumu, halafu sisi tukachomeka machela na kupaka msalaba mwekundu au kuandika maneno kinyumenyume mbele.

Na hapa mzee wa gereji angenishangilia. Waingereza hao hao, mwaka 1983, mwaka niliozaliwa mimi, walitoa Landrova mpya ya 110 yenye koili mbele na nyuma. Ndiyo baba wa ile mnayoiita difenda, mnayoifahamu zaidi ikiwa imebeba polisi. Kwa hiyo springi laini kwa aliyelala nyuma zilikuwepo dukani miaka 16 kabla ya koili za mbele za Kruza. Hazikushinda. Wanunuzi waliangalia injini, spea na uzito inaobeba, na kwa kweli siwezi kuwalaumu, maana gari laini lililoharibika halimfikishi mtu. Lakini nasema tu, kama kwenye kamati ya kununua angekuwepo mwanamke mmoja aliyewahi kupita barabara ya vumbi njia ikiwa imefunguka sentimita nane, angeuliza swali jingine.

Kuna na urefu. Sakafu ya nyuma ya 109 ni kama futi 6, na katikati ya vile visanduku vya magurudumu upana haufiki hata mita moja. Mtu mrefu kwenye machela anagusa mlango. Ya mkonga inazidi mita mbili, na milango yake miwili ya nyuma inafunguka kama ya kabati, machela inaingia moja kwa moja. Hapo Kruza imeshinda bila ubishi. Ila sakafu iko juu. Kumpandisha mama mwenye kifafa cha mimba kunahitaji watu wanne, na usiku wa manane watu wanne wa kuwapata ni yule mlinzi na mashemeji.

SEHEMU YA 5

Sasa tuzungumze mwendo, maana huko ndiko maisha yanakoponea.

Kwenye vitabu tulivyosomea kuna jedwali moja ambalo sijawahi kulisahau. Mama mwenye tatizo, bila matibabu, kwa wastani ana muda gani? Uchungu pingamizi, siku tatu. Kifafa cha mimba, siku mbili. Kizazi kupasuka, siku moja. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, masaa mawili. Mawili tu.

Chukua kalamu. Barabara ya vumbi usiku, Landrova inaenda 30 kwa saa: kwa masaa mawili ni kilomita 60. Mkonga ukienda 50: ni kilomita 100. Kwa hiyo gari ile mpya imeongeza kilomita 40 kwenye duara la watu wanaoweza kufikiwa. Hicho ndicho cc 4164 zinachomaanisha kwa mama. Mimi sina hesabu nyingine ya farasi.

Ila hiyo hesabu inaanza gari ikiwa imeshawaka. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba ucheleweshaji unaoua mama uko wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Gari inatibu wa pili tu. Nimepokea mama aliyeletwa na gari nzuri kwa dakika 25, lakini nyumbani walikaa masaa sita wakisubiri baba mkwe arudi mnadani atoe ruhusa.

Na sisi wa huku kuna maji pia. Ukitoka Sengerema kuja Bugando ulikuwa unafika Busisi, unasubiri kivuko. Silinda sita za nini mbele ya ziwa? Gari inazima injini, wewe unaangalia taa za Kigongo ng'ambo, unapima mapigo ya mama kila dakika tano. Juni 2025 Rais Samia alifungua Daraja la J.P. Magufuli, kama kilomita 3, na nilipolipita mara ya kwanza nikiwa ndani ya hiace ya abiria nililia kama mtoto, mpaka konda akaniuliza kama nimefiwa.

Jambo jingine lilianzia huko huko Sengerema, pamoja na Shinyanga, miaka ya 2010: mpango wa m-mama. Walikubali ukweli kwamba ambulensi hazitoshi, wakaandikisha madereva wa kawaida wa jamii, wenye gari zao ndogo, wanaopigiwa simu na kulipwa kwa simu. Mwaka 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Namba ni 115, bure. Kwa hiyo siku hizi gari inayomfuata mama inaweza isiwe mkonga kabisa, ikawa Probox ya muuza nyanya. Ukiitazama vizuri, ni Landrova ya watu wa pamba ya 1983, ila safari hii kuna mtu wa zamu anayejua namba ya dereva.

Vifo vya akina mama vimeshuka sana. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulipata 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukapata 104. Sababu ni nyingi, dawa, damu, upasuaji kwenye vituo vya afya, sidanganyi kwamba ni gari. Lakini na gari imo.

SEHEMU YA 6, ya mwisho

Mmeniuliza wengi: Rova, sasa mtu akiwa ndani ya hiyo gari afanye nini? Machache tu ninayoyafanya mimi.

Mama mjamzito asilale chali. Alale ubavu wa kushoto, nguo zikunjwe nyuma ya mgongo zimshikilie. Akilala chali mtoto anakandamiza mshipa mkubwa, damu inapungua kwa wote wawili, na mtikisiko ule unazidisha. Kadi ya kliniki iwe mkononi mwa ndugu, sio ndani ya begi chini ya mabegi. Ndugu awe mmoja au wawili wanaoweza kutoa damu, asiwe shangazi wa kulia njia nzima. Namba ya dereva na 115 ziandikwe ukutani kuanzia mwezi wa saba, tena kwa mkaa kama hakuna kalamu.

Na dereva, kaka yangu: mwambie nesi kabla ya shimo. "Shimo hilo!" Neno hilo tu. Napata sekunde ya kushika mkono wenye dripu.

La mwisho nililijua kwa dereva mmoja mzee, sasa amestaafu. Gari yake ilikuwa hadtopu kama nyingine zote, lakini nyuma ilikuwa inatulia kuliko zote, wauguzi tulikuwa tunaigombania. Siku moja nikamuuliza umebadilisha springi? Akacheka, akafungua mlango wa nyuma. Chini ya benchi zote mbili kulikuwa na viroba vya mchanga, vimefungwa kwa kamba ya katani vizuri kabisa. Akasema, "Sista, hivi vyuma vimetengenezwa kubeba karibu tani. Ukiweka mama mmoja wa kilo 60 havijui kama kuna mtu, vinamrusha tu. Vipe uzito kidogo, vinalainika."

Niliporudi nyumbani Krismasi nikamsimulia mama. Akakaa kimya, halafu akasema miaka yote alikuwa akijiuliza kwa nini ile Landrova haikumuumiza kama alivyotishwa na wenzake. "Kumbe ni yale magunia ya mbegu," akasema. Yalikuwa kumi na mbili. Alishayahesabu, maana hakuwa na kitu kingine cha kuhesabu.